Runinga ya Mwisho

Hotuba kwa mafundi wa elektroniki na wanafunzi wa karakana, ukumbi wa kijamii, Eastlands, Nairobi

Mwenyekiti wetu, walimu mliowaleta wanafunzi wenu, mafundi wenzangu wa barabara ya Luthuli na wa mitaani, na nyinyi vijana mliokaa nyuma mkiwa bado na ovaroli za karakana: hamjambo? Itifaki naomba tuihesabu kuwa imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na niliyokuja nayo ni ya kazi.

Nitaanza na chumba namba 24.

Chumba hicho kiko orofa ya juu kabisa, mwisho wa ushoroba, katika gesti moja pale Ngara. Mwaka 2018, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia kule Urusi, mwenye gesti aliniita. Alikuwa na runinga 24, moja kila chumba, na king'amuzi kimoja mapokezi, cha kifurushi cha biashara, amekilipia. Alitaka picha ile safi iliyokuwa ikionekana mapokezi ifike kila chumba. Fundi aliyenitangulia alikuwa amemwambia kuta zipasuliwe, waya wa zamani utolewe wote, upitishwe mpya. Nilifungua soketi moja ya ukutani nikakuta kebo ya RG6, ile ya kawaida ya televisheni, imetulia mle ndani, imefika kila chumba tangu nyumba ilipojengwa, enzi za eriali ya paani. Nikamwambia, "Mzee, ukuta wako hatutaugusa."

Hapo nilisema kweli. Kosa langu lilikuja baadaye.

Niliweka modyuleta mapokezi, kifaa cha kugeuza picha ya king'amuzi kuwa stesheni ndani ya kebo, nikaunganisha kebo, nikapanda ngazi na rimoti mkononi. Chumba cha 1, picha safi. Cha 7, safi. Cha 13, safi. Nikashuka, nikalipwa, nikapanda matatu ya Kayole nikiwa na furaha. Chumba cha 24 sikukifika. Siku ya tatu nikaitwa. Mgeni wa chumba kile alikuwa mzee kutoka Kitui ambaye mkewe alikuwa amelazwa hospitalini hapa mjini. Mchana kutwa alishinda kando ya kitanda cha mgonjwa, na jioni ndiyo saa yake pekee ya kukaa kitako. Runinga yake ilikuwa inaganda kila baada ya sekunde mbili tatu, uso wa mtangazaji unakatika vipande vya mraba, sauti inarukaruka. Aliposikia fundi amekuja alishuka ngazi zote hizo kunitafuta. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Fundi, mimi nililipa sawa na wenzangu."

Maneno hayo sijayasahau. Yote nitakayowaambia leo, ya mawimbi na ya shaba, yanamhusu yeye.

Wateja huuliza kwa nini tusirefushe tu waya wa HDMI, ule unaotoa picha kwenye king'amuzi kuipeleka kwenye runinga. Ni swali zuri, na fundi anapaswa kulijibu kwa hesabu. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda chini. Zidisha, unapata zaidi ya nukta milioni mbili. Kila nukta inabeba biti 24 za rangi, na picha zinapita 60 kila sekunde. Jumla yake inakaribia gigabiti 3 kwa sekunde, na hapo hujatia sauti. HDMI inabeba mzigo huo ukiwa mbichi, haijaupunguza hata kidogo. Ndiyo maana waya wa kawaida wa shaba ukishapita mita 10 hadi 15 unaanza kuonyesha nukta zinazometameta, na ukiongeza urefu picha inakatika kabisa. Isitoshe, HDMI ni mazungumzo ya vifaa viwili. Kimoja kinatoa, kingine kinapokea, na kabla ya picha kupita vinasalimiana na kukubaliana. Runinga 24 katika orofa nne hazitakaa kwenye mazungumzo hayo.

Modyuleta inafanya kazi mbili. Kwanza inaikamua picha. Ikitumia mfumo wa H.264, picha nzuri ya HD inatosha kwenye megabiti 8 hadi 12 kwa sekunde. Ikitumia MPEG-2, mfumo wa zamani zaidi, itataka megabiti 15 hadi 19. Yaani ule mzigo wa gigabiti 3 unapunguzwa karibu mara 300, na mtazamaji aliyekaa kitandani haoni tofauti ya maana. Kazi ya pili ni kuupandisha mzigo huo juu ya wimbi la redio lenye upana wa megahezi 8 na kuutia kwenye kebo, kama vile mnara wa stesheni unavyoutia hewani. Runinga ikitafuta chaneli inaona stesheni mpya imezaliwa. Haijui kwamba mnara wenyewe uko chini ya kaunta ya mapokezi.

Wimbi moja la DVB-T, mpango wa televisheni ya dijitali ya hewani, likipangwa vizuri linabeba takriban megabiti 24 hadi 31, kwa hiyo programu mbili za HD zinakaa humo bila kusukumana. Mpango wa DVB-C, uliotengenezwa mahsusi kwa kebo, unafika karibu megabiti 50. Hapa kwetu stesheni za hewani zinatumia DVB-T2, toleo jipya zaidi, na runinga nyingi zinazouzwa mjini zenye DVB-T2 zinaelewa pia DVB-T. Nimesema nyingi. Usiamini maandishi ya kwenye kasha. Nenda na modyuleta yako, ijaribu kwenye runinga ya kila aina iliyomo kwenye jengo, kabla hujapokea hata shilingi ya malipo ya kwanza. Ukikuta runinga za zamani za analogi, kila moja itahitaji king'amuzi chake kidogo, na gharama hiyo mteja aijue siku ya kwanza.

Jambo jingine la siku ya kwanza: king'amuzi kimoja kinatoa chaneli moja. Mapokezi wakibadilisha, vyumba vyote vinabadilika. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu fundi hakulisema hili. Mteja akitaka mpira, habari na katuni kwa wakati mmoja, anahitaji vyanzo vitatu vya picha, kila kimoja kipate nafasi yake kwenye modyuleta, kisha mawimbi yaunganishwe kwenye kebo moja. Kebo haitalalamika. Ndiyo sifa yake kuu, inabeba mawimbi mengi pamoja bila moja kumgusa mwenzake, mradi kila moja liwe kwenye masafa yake.

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe. Naomba mtoe kalamu.

Nguvu ya wimbi ndani ya kebo tunaihesabu kwa desibeli juu ya mikrovolti moja. Ukipoteza desibeli 3, umepoteza nusu ya nguvu. Ukipoteza 10, umebaki na sehemu moja ya kumi. Ukipoteza 20, sehemu moja ya mia. Uzuri wa desibeli ni kwamba hasara zote unazijumlisha na kutoa, hesabu ya darasa la tatu. Runinga ya DVB-T inataka kupata baina ya desibeli 47 na 74 mlangoni pake. Chini ya hapo inahangaika, juu ya hapo inazidiwa.

Modyuleta yangu ya Ngara ilikuwa ya bei nafuu, ikitoa desibeli 80. Chaneli niliyoweka ilikuwa ya 36, yaani megahezi 594. Kwenye masafa hayo, RG6 nzuri inapoteza kama desibeli 17 kila mita 100. Kutoka mapokezi hadi chumba cha 24 palikuwa na mita 45 za kebo, kwa hiyo kebo yenyewe ilikula desibeli 8 tu. Kebo haikuwa na hatia.

Hatia ilikuwa kwenye splita zangu, vile vigawanyio vya wimbi. Nilikuwa na mfuko wa splita za njia mbili, nikazifunga kama mnyororo. Orofa ya chini nikaweka moja, mdomo mmoja ukalisha orofa hiyo, mwingine ukapanda juu. Orofa ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Kwenye kila ushoroba nikafanya tena: splita mlangoni pa chumba cha kwanza, nyingine cha pili, hadi cha tano, na cha sita kikapata kilichobaki. Kila splita ya njia mbili inapoteza karibu desibeli 4. Fuateni njia ya wimbi kwenda chumba cha 24: splita tatu za kupanda orofa, desibeli 12. Splita tano za ushoroba, desibeli 20. Kebo, 8. Soketi ya ukutani, 1. Jumla 41. Toa kwenye 80, unabaki na 39. Mzee wa Kitui alikuwa anapewa 39 wakati runinga yake inaomba 47.

Mama akiwa na chapati moja na watoto sita, hawezi kumwambia wa kwanza akate nusu ampe wa pili, wa pili akate nusu ya alichopata ampe wa tatu, na kuendelea. Wa mwisho ataambulia sehemu moja ya 32. Mama anaiweka chapati mezani, anaikata mwenyewe mara moja, kila mtoto anaona kipande chake. Splita ya njia nane ndiyo meza hiyo. Inapoteza karibu desibeli 11 na nusu, ndiyo, lakini inawapotezea wote sawa.

Mimi siku ile sikuikata chapati upya. Nilikimbia Luthuli nikanunua busta, yaani kikuza wimbi, ya desibeli 20, nikaifunga mapokezi, mara tu baada ya modyuleta. Chumba cha 24 kikapata 59, picha ikatulia, mzee akanishukuru. Sikumaliza hata chai. Chumba cha 1, ambacho kilikuwa na picha safi siku zote hizo, sasa kilikuwa kinapokea kama desibeli 90 na runinga yake ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Hakuna mawimbi! Yalikuwepo mengi kupita kiasi, kipokezi kimezibwa masikio kwa kelele. Nikaihamisha busta orofa ya nne, kwenye ushoroba, karibu na vyumba vya mwisho. Ikakuza wimbi, na ikakuza pamoja na hilo takataka zote zilizokuwa zimeshaingia njiani, pamoja na zake yenyewe. Busta haijui kupambanua. Ukiilisha wimbi hafifu lililochafuka, inakurudishia uchafu ule ule kwa sauti kubwa.

Usiku huo nilikaa kitako kwenye ngazi ya orofa ya pili na karatasi, nikachora jengo. Splita moja ya njia nne chini, desibeli 8. Kebo ya kupanda, mita 20 kwa orofa ya mbali zaidi, desibeli 3 na nusu. Splita ya njia nane kila orofa, 11 na nusu. Kebo ya ushoroba, mita 25, desibeli 4 na nusu. Soketi, 1. Jumla 28 na nusu. Toa kwenye 80: 51 na nusu. Nikahesabu chumba cha 1, kilicho karibu kabisa na modyuleta: kikatoka 58 na zaidi kidogo. Chumba cha kwanza na cha mwisho vikatofautiana kwa desibeli 7 tu, vyote vikiwa ndani ya kiwango, na busta haina kazi. Modyuleta ile ile, kebo ile ile ya ukutani. Nilinunua splita tano. Kila orofa ilikuwa na vyumba sita, kwa hiyo kwenye kila splita ya njia nane ilibaki midomo miwili mitupu, na kila mdomo nikauziba kwa kizibo cha omu 75, ukinzani ulio sawa na wa kebo, kwa sababu wimbi likifika kwenye mdomo ulio wazi linagonga na kurudi, na marejeo hayo yanamchafulia jirani.

Vijana, niliwaambia ni hesabu ya darasa la tatu. Kilichoniponza si ugumu wake. Niliikwepa kwa sababu vyumba vya mwanzo vilikuwa vinapendeza.

Hapo zamani tulikuwa na mjumbe wa kutuonya. Wakati wa analogi, wimbi likipungua runinga ilileta chenga. Kidogo kwanza, kisha nyingi, na mtu aliweza kutazama habari nzima katikati ya chenga akijua tu kwamba eriali inataka kugeuzwa. Kisha ikaja Februari ya 2015, analogi ikaanza kuzimwa hapa Nairobi, na chenga zikaondoka pamoja nayo. Dijitali haina mjumbe. Wimbi likiwa juu ya mstari, picha ni safi kabisa, iwe limebakiza desibeli 20 au moja. Likishuka chini ya mstari, picha inavunjika. Runinga ya chumba cha 20 inaweza kuwa safi mchana, na usiku, konekta ikipoa na kulegea kidogo, ikafa. Ukiikagua kwa macho tu mchana utaondoka ukidhani umemaliza kazi. Nunueni mita. Najua bei yake inauma kwa fundi anayeanza. Changeni watatu wanne mnunue moja ya pamoja, yenye kusoma nguvu ya wimbi na pia usafi wake, kile kipimo kinachoandikwa MER. Nguvu inakwambia wimbi limefika. MER inakwambia limefika likiwa zima.

Nizungumze kuhusu kebo yenyewe, maana ninaipenda na sioni haya kusema hivyo.

Ina waya mmoja katikati, sponji nyeupe ya plastiki kuuzunguka, foili na msuko wa chuma juu yake, kisha ganda. Mawimbi yanasafiri ndani ya ile sponji, baina ya waya wa kati na msuko. Msuko ni njia ya kurudi, na papo hapo ni ukuta unaozuia mawimbi ya nje kuingia na ya ndani kutoka. Lloyd Espenschied na Herman Affel wa kampuni ya simu ya AT&T kule Marekani ndio waliowasilisha hataza ya kebo ya namna hii ya masafa mapana mwaka 1929, wakipata cheti mwaka 1931. Na kazi tuifanyayo gestini ina babu yake. Mwaka 1948, katika mji wa Astoria, jimbo la Oregon, Ed Parsons alipandisha eriali juu ya paa la hoteli ili kunasa stesheni ya Seattle, iliyokuwa mbali sana, kwa sababu mkewe alitamani televisheni. Akavuta kebo hadi kwenye nyumba yao ng'ambo ya barabara. Majirani walipojaa sebuleni akaanza kuwavutia kebo nao. Paa la hoteli, kebo moja, watazamaji wengi. Sisi tumebadilisha tu kilichoko mwanzoni.

Namba ya 75 nayo haikuokotwa. Kebo yenye hewa katikati inapoteza nguvu kidogo kabisa ikiwa na omu 77 hivi, ndiyo maana televisheni ikachukua 75. Kebo ya omu 50, ile ya redio za mawasiliano, inafanana nayo kwa macho na madukani zinakaa rafu moja. Ukiichanganya humu unazalisha marejeo kila inapounganishwa.

Mtakapokwenda kununua, chukueni sumaku ndogo na kisu. Waya wa kati wa RG6 nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi ya televisheni hilo si dhambi, kwani kwenye masafa ya megahezi 600 mkondo unapita kwenye ngozi ya nje tu, unene usiofika hata maikroni 3. Ila kebo hiyo hiyo ikipeleka umeme wa kuwasha kichwa cha dishi au busta ya paani, chuma kinakula volti, na hapo utake shaba tupu. Sumaku itakuambia. Kisu ni cha msuko. Chuneni ganda mtazame. Kuna kebo zinazouzwa hapa mjini zimeandikwa RG6 kwa wino mzuri, na ukichuna unakuta nyuzi za kuhesabika, nyepesi kama wavu uliochakaa. Mji huu umejaa mawimbi ya 4G, mengine kwenye megahezi 800, si mbali na chaneli zetu. Ukuta wa kebo ukiwa na matundu, yataingia.

Konekta tumieni za kubana kwa koleo maalumu. Zile za kuzungusha kwa vidole zinalegea, na uzi mmoja wa msuko ukigusa waya wa kati umeua chumba kizima. Nilipozikagua soketi za Ngara nilikuta mbili za hivyo, nyuzi nyembamba kama unywele. Msikunje kebo kwenye kona kama unayekunja karatasi, na msiipigilie misumari ikabonyea, maana pale ilipobonyea si omu 75 tena. Kebo inayotoka paani ifungwe kwenye waya wa ardhi kabla ya kuingia ndani. Mvua za masika hapa kwetu huja na radi.

Kama jengo lina eriali ya paani na mteja anataka stesheni za hewani zikae pamoja na za modyuleta, pitisheni kwanza utafutaji wa chaneli kwenye runinga, muandike zilizokwisha kukaliwa, kisha mchague iliyo wazi na yenye uwazi pande zake zote mbili. Chaneli ya 21 iko megahezi 474, na kila namba inaongeza 8, hadi ya 48 kwenye 690. Za chini hazipotezi nguvu nyingi njiani kama za juu, kwa hiyo kwenye jengo refu mnaanza huko. Na hakikisheni wimbi la modyuleta halirudi nyuma likapanda hadi kwenye eriali likaenda hewani. Hapo mmekuwa stesheni isiyo na leseni, na mtaa mzima utawasikia. Kiunganishi kizuri chenye kinga ya kurudi kinazuia hilo.

Nimesema king'amuzi cha Ngara kilikuwa cha kifurushi cha biashara, na nilisema kwa makusudi. HDMI ina kufuli la kuzuia picha kunakiliwa, HDCP, na ving'amuzi vingi vikikuta kufuli hilo halijaitikiwa vinakataa kutoa picha. Modyuleta nyingi za halali hazitapokea picha iliyofungwa. Mtakutana na watu wanaouza vidude vya kuvunja kufuli hilo, tena kwa bei ndogo. Msivifunge kwenye jengo la mteja. Kuna wachezaji, waigizaji, wapiga kamera na watangazaji waliofanya kazi ile, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi za namna hiyo. Sisi tunaodai malipo ya jasho letu hatuwezi kujenga riziki kwa kupitisha jasho la wengine kwenye kebo bila idhini. Mwambieni mteja apate ruhusa ya maonyesho ya biashara kwa anayempa matangazo, na aulize mapema ni njia gani ya usambazaji inayoruhusiwa kwake. Picha zake mwenyewe hazina tatizo: kamera za lango, matangazo ya hoteli, ratiba ya kongamano, ibada ya kanisa lake.

Kanisa limenikumbusha ucheleweshaji. Modyuleta inahitaji muda wa kuikamua picha, na runinga muda wa kuifungua. Pengine ni chini ya nusu sekunde, pengine hata sekunde mbili. Gestini tatizo lilikuwa kwamba runinga ya mapokezi ilikula HDMI moja kwa moja, kwa hiyo goli lilipigiwa kelele chini wakati vyumbani mpira bado uko katikati ya uwanja. Nikaitoa mapokezi kwenye HDMI nikaipa kebo kama wenzake, wakaanza kushangilia pamoja. Lakini kwenye hema la nje la kanisa, ambapo waumini wanasikia sauti ya mhubiri kutoka vipaza sauti vya ndani huku wakimwona kwenye skrini, nusu sekunde ni nyingi mno. Midomo yake itakuwa inafuata maneno kama mwangwi. Hapo kebo ya omu 75 bado inafaa, ila ipewe SDI, njia ya watu wa studio: gigabiti 1.485 kwa sekunde kwa HD ya kawaida, mara mbili ya hapo kwa ile ya picha 60 kamili, haikamuliwi, haicheleweshi kwa kiasi cha kuonekana, na kwenye kebo nzuri HD inafika karibu mita 100.

Nitaulizwa kama haya yote si ya kale, sasa kwa kuwa kuna intaneti. Nyumba mpya ikijengwa Ruaka au Syokimau, na mwenye nyumba akaniuliza kabla ya plasta, namwambia apitishe waya wa mtandao na faiba pamoja na kebo, maana bomba tupu halina gharama kama ukuta uliovunjwa. Siwezi kumdanganya. Lakini majengo yaliyokwisha kusimama hapa mjini ni mengi, na ndani ya kuta zake kuna kebo iliyolipiwa na mtu miaka mingi iliyopita. Fundi anayesema kila kitu king'olewe mara nyingi hajafungua hata soketi moja. Sisemi kebo zote ni nzima. Nasema mita ndiyo iamue, na mteja aone namba kwa macho yake.

Mzee wa Kitui alikaa gestini wiki mbili na siku tatu. Mkewe alipopona, walilala pale usiku mmoja pamoja kabla ya kupanda basi, chumba hicho hicho cha 24. Mimi nilikuwa nimerudi kubadilisha soketi moja orofa ya tatu, nikapanda kuwasalimia. Mama alikuwa amelala ubavu, shuka begani, anatazama habari za saa moja.

Nimekuja na modyuleta ya desibeli 80, roli ya kebo, splita nane za njia mbili na tano za njia nyingi, runinga mbili na mita yangu. Viko kwenye ile meza ndefu karibu na dirisha. Tutaufunga mnyororo wangu wa kwanza wa Ngara kama nilivyoufunga, mpime mwishoni, kisha tuukate tufunge upya, mpime tena. Wanafunzi ndio watakaoshika koleo. Waliokaa nyuma ndio waanze.

Asanteni sana.